Sura ya Sita: Uongozi Unaoanzia Bwenini

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Tanzania hupokea vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa na vyeti mkononi na maswali ambayo hayakuwemo kwenye mtihani wowote. Jina halimo kwenye orodha ya mikopo, afanyeje? Bweni limejaa, alale wapi? Mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza katika ukumbi wenye mamia ya watu na hoja imempita. Amuulize nani bila kuchekwa? Mara nyingi jibu la kwanza halitoki ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wala kwa rais wa serikali ya wanafunzi. Hutoka kwa mtu wa kitanda cha jirani, kwa aliyeisoma kozi hiyo mwaka uliotangulia, au kwa mwakilishi wa darasa anayejua afisa mikopo anapatikana saa ngapi. Msaada huo haulipwi, haupigiwi kura na hauandikwi popote, lakini mara nyingi ndio unaomvusha kijana semista ya kwanza.

Hoja ya sura hii ni kwamba kuwaongoza wanafunzi na kusaidiana kwa wanafunzi ni kazi moja, na kwamba vyuo vyetu vimekosea kuitenganisha. Upande mmoja tumeijenga serikali ya wanafunzi kwa mfano wa dola, yenye rais, waziri mkuu, baraza la mawaziri, spika na bunge, kisha tukaipima kama dola inavyopimwa: nani kashinda, nani kampinga nani, nani kafukuzwa. Upande wa pili tumeacha kusaidiana kuwe hisani ya mtu mwenye moyo mzuri, au mradi wa waelimishaji rika unaokufa ufadhili unapoisha. Kwa njia hiyo tumepata vyeo visivyo na mizizi na msaada usio na sauti. Nitaonyesha kwamba ushahidi wa ndani na wa nje unaelekea upande mmoja: kiongozi wa wanafunzi anapata nguvu yake, hata nguvu ya kubishana na wakubwa, kutokana na kazi anayoifanya karibu na mwenzake darasani na bwenini.

Kutoka kiranja hadi rais

Anayetaka kuelewa tulivyofika hapa aanze na shule ya sekondari. Kiranja huteuliwa na walimu, au huchaguliwa na wanafunzi na kuidhinishwa na walimu. Kazi yake kubwa ni kusimamia ratiba: kengele ya kuamka, usafi wa mazingira, foleni ya chakula, prepu ya usiku. Hesabu ya kazi yake anaitoa juu, kwa mwalimu wa zamu. Kijana huyohuyo akifika chuo kikuu anakuta mambo yaliyogeuka sura: kampeni, mabango, midahalo, tume ya uchaguzi, kiapo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, serikali ya wanafunzi iitwayo DARUSO ina rais wake, waziri mkuu wake, mawaziri na bunge. Sura imehama kutoka ya shule kwenda ya dola, lakini jambo moja halikuhama: cheo bado kinatazama juu. Kiranja alimtazama mwalimu. Waziri wa wanafunzi anautazama utawala wa chuo, ama kwa kuutii ama kwa kuupinga. Mwanafunzi wa kawaida, ambaye bila yeye cheo kisingekuwepo, hukumbukwa zaidi siku ya kura na siku ya mgomo.

Haki itendeke: kutazama juu kuna historia yenye heshima. Chuo hicho cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, na miaka mitano baadaye wanafunzi wake walikuwa wameshaingia barabarani. Oktoba 22, 1966 waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wa juu wa serikali. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, kijana wa Kenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi DUSO, aliondolewa chuoni baada ya kuukosoa utawala wa chuo waziwazi, na wenzake wakasimama upande wake. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na mahali pake ikawekwa MUWATA, jumuiya mpya ya wanafunzi iliyofungamanishwa na jumuiya ya vijana ya CCM. Nchini Kenya gharama ilikuwa kubwa zaidi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Watu hawa hawakuwa wakicheza uongozi, na sura hii haiwaombi warithi wao waache siasa wabaki na madaftari.

Lakini historia hiyohiyo ina upande usiosimuliwa majukwaani. Kwa miaka mingi Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na desturi ya Mzee Punch: maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi, iliyobandikwa ukutani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana waliokataa kutongozwa. Februari 1990 msichana mmoja mwanafunzi, aliyeandamwa na kunyanyaswa na wanafunzi wenzake, alikatisha uhai wake. Wanawake wanaharakati walilisimamia suala hilo mpaka likawa la kitaifa. Miezi michache baadaye, Mei 1990, serikali ilikifunga chuo hichohicho kutokana na mgogoro mwingine kati yake na wanafunzi. Matukio haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Jumuiya iliyokuwa na ujasiri wa kuikabili dola haikuwa na utaratibu wa kumlinda mwenzao dhidi ya watu waliokula naye kantini moja. Palikuwa na viongozi waliojua kuandika tamko, lakini hapakuwa na ngazi ya kwanza ambayo mtu aliyezingirwa angeikimbilia usiku akijua kwamba atasikilizwa, na kwamba kesho yake kutakuwa na hatua. Pengo hilo halikutokana na uchache wa vyeo. Lilitokana na jinsi vyeo vyenyewe vilivyoelewa kazi yao.

Majirani zetu nao wamejaribu kutibu tatizo la uongozi wa wanafunzi kwa kugusa kura peke yake. Baada ya vurugu zilizofuatia uchaguzi wa SONU mwaka 2016 na kusababisha Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa, marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu vya Kenya ya mwaka huohuo yaliondoa kura ya moja kwa moja. Wanafunzi wachague wajumbe, na wajumbe wachague baraza. Makerere, Julai 2022, kampeni za chama cha wanafunzi ziligeuka kuwa ghasia, mwanafunzi mmoja akauawa, na chuo kikasimamisha shughuli za chama hicho. Hatua za namna hii zinaeleweka pale damu inapomwagika. Hata hivyo zinajibu swali la namna ya kupata kiongozi, na kuliacha swali la kiongozi huyo afanye nini Jumatatu asubuhi. Cheo ambacho kazi yake haijulikani kitagombewa kwa sababu ya yale mengine yanayokuja nacho: posho, safari, jina, na mlango wa vyama vya siasa. Ukipunguza wapiga kura bila kubadili kazi, umepunguza tu idadi ya watu wa kuhongwa.

Nguvu ya rika

Kwa nini basi niseme kazi hiyo ianzie kwa jirani? Kwa sababu hapo ndipo chuo kinapomgeuza mwanafunzi zaidi kuliko mahali pengine popote. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu nchini Marekani, alifuatilia zaidi ya wanafunzi 20,000 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna kitu kinachoathiri makuzi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuzidi kundi la rika lake. Majengo yana nafasi yake, wahadhiri wana nafasi kubwa zaidi, lakini wenzake ndio wanaomwonyesha kila siku lipi ni la kawaida, lipi ni la aibu na lipi linawezekana. Ukweli huo haupendelei upande wowote. Rika lilelile linaloweza kumwinua mtu ndilo lililobandika makaratasi ya Mzee Punch. Nguvu hiyo ipo chuoni iwe imepangwa au haijapangwa. Uamuzi uliobaki ni kama itaachwa ijiendee au itapewa utaratibu, majukumu na uwajibikaji.

Mtaalamu wa hisabati Uri Treisman alilikuta jambo hili kwa njia nyingine katika chuo kikuu cha Berkeley nchini Marekani miaka ya 1970. Wanafunzi weusi wengi waliojiunga wakiwa na rekodi nzuri walikuwa wakifeli somo la kalkulasi, na wahadhiri walikuwa na maelezo yao tayari: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, wazazi hawajali. Treisman aliwafuata wanafunzi hao walipoishi na kusoma, na maelezo yale hayakusimama. Alichokiona ni kwamba walikuwa wakisoma kila mmoja peke yake, kwa bidii na kwa upweke, wakati wenzao wenye asili ya China walikutana, wakasahihishana kazi na kupashana habari kuhusu somo na chuo. Alipoanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu kwa pamoja, matokeo ya waliojiunga yalipanda sana. Kilichokuwa kimesomeka kama udhaifu wa mtu kilikuwa upungufu wa jumuiya.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, lakini kwa wanafunzi wengi uelewa hupatikana kwenye diskasheni, jioni, juu ya vimbwete, pale mmoja anapomweleza mwenzake kwa Kiswahili kile ambacho wote wawili walikiandika asubuhi bila kukielewa. Hapo ndipo kijana aliyeona haya kuuliza mbele ya watu mia tano anauliza mara tatu bila kuhofia sarufi yake. Tatizo ni kwamba vikundi hivi huundwa kwa kujuana. Waliotoka shule moja hukaa pamoja; aliyetoka shule ya kata akiwa peke yake hukaa pembeni. Anayemhitaji mwenzake zaidi ndiye ana nafasi ndogo zaidi ya kumpata. Hapa mwakilishi wa darasa ana kazi ambayo hakuna mhadhiri wala waziri anayeweza kuifanya kwa niaba yake: kuhakikisha kwamba ndani ya wiki mbili za kwanza hakuna jina kwenye orodha yake lisilo na kikundi.

Namna ya kuipanga kazi hiyo bila kumwaibisha mtu inajulikana. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City, Deanna Martin alianzisha mpango ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo. Mwanafunzi aliyefaulu vizuri kozi ngumu hurudi kukaa katika mihadhara ya kozi ileile, kisha huendesha vipindi vya kujadili kila wiki. Busara ya mpango huo iko katika swali la nani anaitwa. Hauwaiti wanafunzi dhaifu. Unazitafuta kozi zinazofelisha wengi, na mlango unakuwa wazi kwa kila aliyejiandikisha katika kozi hiyo. Mwenye alama za juu anakaa na anayeogopa sapu, na hakuna anayejua nani kafuata nini. Chuo chochote chetu kinaweza kuzitaja kozi zake za namna hiyo, maana majina yake hufahamika mabwenini kabla mwaka mpya haujaanza. Hazihitaji mfadhili kutambuliwa. Zinahitaji wizara ya elimu ya serikali ya wanafunzi iliyoamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Ushahidi unakwenda mbali zaidi ya masomo, hadi kwenye afya ya akili. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa na watu wenye msongo na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za wagonjwa zikipungua. Karibu na nyumbani zaidi, mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya mpango wa Shamiri wa Kenya uliowahusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Walikutana kwa vikundi mara nne, saa moja kila wiki, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari siku si nyingi na kupewa mafunzo mafupi. Wenzao wa kundi la kulinganisha walifundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Dalili zilipungua zaidi kwa waliohudhuria Shamiri, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye. Kijana mwenye umri unaokaribiana na wa anayemsikiliza, akiwa na mafunzo mazuri, mpango ulioandikwa na mtaalamu wa kumsimamia, ana uwezo halisi wa kusaidia.

Bado pana eneo moja ambapo ukaribu huu unageuka kuwa nguvu ya kisiasa, nalo ni mikopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, na kwa maelfu ya wanafunzi ndiyo inayoamua kama watakula. Fedha ya chakula na malazi, bumu kama wanachuo wanavyoiita, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Njia ya kuifikia ina ngazi nyingi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, akaunti ya benki, kisha uthibitisho chuoni kila malipo yanapokuja. Kila ngazi ni mahali pa kuteleza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waziri wa mikopo asiyepokea habari kutoka madarasani atabaki na sentensi moja tu ya kuipelekea Bodi: fedha zimechelewa. Mwakilishi wa darasa aliyekaa na wenzake anajua zaidi. Anajua wangapi majina yao yanatofautiana kati ya vyeti viwili, wangapi akaunti zao zimekataa, wangapi wamekosa cheti cha baba aliyefariki kijijini. Taarifa hizo zikikusanywa kutoka kila darasa, serikali ya wanafunzi inaingia mezani na orodha inayotaka majibu, na kila jibu linaweza kufuatiliwa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ndilo zito kuliko yote, na linatoka kwa wanafunzi wenyewe. Watasema: hiki ndicho watawala wanachokitaka. Mgeuze kiongozi kuwa mhudumu, mpe kazi ya kugawa vikundi na kusikiliza walioachwa na wapenzi, naye hatapata muda wa kuuliza ada zinakwenda wapi. MUWATA haikuwa jaribio la kwanza la kuwatuliza wanafunzi wala haitakuwa la mwisho. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu kazi ninayoipendekeza lazima ibaki mikononi mwa waliochaguliwa na wanafunzi, isiwe kitengo cha utawala. Lakini tazama pia upande wa pili. Mwishoni mwa 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kushughulikia madai ya wenzao, na chuo kikawasimamisha. Sitadai kwamba orodha nzuri ingewakinga. Karatasi haimzuii mwenye nguvu. Ninachodai ni kwamba uongozi unaokutana na wanachama wake kila wiki ni mgumu kuung'oa kwa barua moja. Ukimsimamisha rais, wawakilishi mia wa madarasa wamebaki, na kila mmoja anajua kesi zake kwa majina. Ukiwa na uongozi unaoishi jukwaani tu, kumwondoa mtu mmoja kunatosha kuuzima. Kwa hiyo huduma ya karibu haipunguzi makali ya madai. Ndiyo inayoyapa madai watu wa kuyasimamia.

Pingamizi la pili linahusu usalama. Mwanafunzi wa miaka 21 si mwanasaikolojia. Akikutana na mwenzake anayefikiria kujidhuru, au aliyebakwa, nia njema inaweza kuongeza madhara. Ni kweli, na jibu lake ni kuweka mipaka iliyo wazi. Anayemsaidia mwenzake anatakiwa kufundishwa mambo machache kwa uthabiti: kusikiliza bila kuhukumu, kutotoa siri, kutambua dalili za hatari, na kumfikisha mhusika kwa mtaalamu usiku huohuo badala ya kujaribu kuwa mtaalamu. Shamiri ilifanikiwa kwa sababu vijana wake walikuwa na usimamizi na njia ya rufaa. Pia tukumbuke hali ilivyo sasa. Mwanafunzi mwenye shida tayari anamweleza mwenzake, kwa kuwa ndiye aliyepo saa sita usiku. Kinachokosekana ni huyo mwenzake kujua afanye nini na neno aliloambiwa.

Pingamizi la tatu ni la haki ya kazi. Vyuo vimeongeza wanafunzi kwa kasi kuliko vilivyoongeza washauri, wahadhiri na vitanda. Mlimani, hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017 zenye nafasi 3,840 zilileta nafuu kubwa, na bado wapo wanaobebana, yaani wanaolala wawili kitanda kimoja. Je, kusaidiana hakutakuwa kisingizio cha chuo kukwepa wajibu wake, huku mzigo ukiwaangukia wanafunzi wachache wenye huruma, wengi wao wasichana, ambao GPA zao zitashuka kwa kuwabeba wengine? Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Kazi isiyolipwa ikipangwa na taasisi inakuwa unyonyaji hata ikiitwa kujitolea. Kwa hiyo anayeendesha vipindi vya kozi ngumu alipwe posho, mafunzo na saa zake ziandikwe kwenye cheti chake, zamu ziwe na ukomo, na takwimu anazokusanya zitumike kudai washauri zaidi. Chuo kikiambiwa kwa hesabu kwamba semista moja imeleta rufaa nyingi kuliko uwezo wa mshauri wake mmoja, kinapoteza kisingizio cha kutojua.

Pingamizi la nne ni kwamba ukaribu huzaa upendeleo. Mwakilishi anayejua siri za wenzake anaweza kuzitumia kwenye kampeni. Anayepanga vikundi anaweza kuwabeba wa kabila lake, dini yake au chama chake. Anayeshika njia ya kumfikia afisa mikopo anaweza kudai fedha, au jambo baya zaidi kutoka kwa msichana mwenye njaa. Hatari hizi ni za kweli kwa sababu kila msaada hubeba madaraka ndani yake. Lakini zipo leo, gizani, bila kanuni. Kazi ikishakuwa rasmi inaweza kuwekewa masharti: anayesikiliza mambo ya siri asiwe mgombea katika mwaka huo, kila darasa liwe na mwakilishi wa kike na wa kiume ili mtu achague wa kumwendea, orodha za mikopo zipelekwe na zaidi ya mtu mmoja, na darasa liwe na haki ya kumwondoa mwakilishi wake katikati ya mwaka kwa kura. Utaratibu hauondoi tamaa ya mtu, lakini unaweka mashahidi mahali ambapo hapakuwa na shahidi.

Cheo na kazi yake

Yote haya yanaelekea kwenye mabadiliko ambayo hayahitaji sheria mpya ya Bunge wala fedha za wafadhili. Katiba za serikali za wanafunzi hurekebishwa na wanafunzi wenyewe, na zinaweza kuweka sharti kwamba hakuna atakayegombea urais au uwaziri mkuu kabla ya kutumika mwaka mmoja kama mwakilishi wa darasa, mwakilishi wa bweni au mwelimishaji rika. Sharti hilo pekee lingebadili kampeni. Mgombea angekuwa na darasa linaloweza kumtetea au kumkana, na mpiga kura angekuwa na kitu cha kupima zaidi ya sauti na mabango. Wizara zinaweza kutakiwa kusoma bungeni, kila semista, taarifa fupi: matatizo mangapi yalipokelewa, mangapi yalitatuliwa, mangapi yamekwama na kwa nani. Sehemu ya ada ya uanachama, ambayo kila mwanafunzi huilipa, inaweza kutengwa kwa mafunzo ya wawakilishi wiki moja kabla ya mwaka wa kwanza kufika. Upande wake, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi inaweza kutoa mtaalamu wa kuwasimamia na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Wapo watakaoona kazi hii ni ndogo mno kwa vijana wanaotarajiwa kuongoza nchi kesho. Naiona kinyume chake. Yoweri Museveni alianza na kundi la wanafunzi wanamapinduzi Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafika Ikulu ya Uganda, na wabunge wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia siasa kwenye kampeni za chuo. Chuo kinatoa watawala, tutake tusitake. Kwa hiyo kile wanachojifunza kuhusu cheo wakiwa na miaka 22 ni jambo la taifa. Kijana aliyejifunza kwamba uongozi ni msafara, wapambe na tamko ataupeleka uongozi huo wilayani na wizarani. Aliyejifunza kwamba uongozi ni kujua nani katika darasa lake hajala, kwa nini, na ni ofisi gani ibanwe mpaka ale, naye atakwenda na somo hilo. Vyuo haviwezi kumchagulia kila mmoja moyo wake, lakini vinaweza kuamua ni kazi gani lazima ifanywe kabla mtu hajaitwa kiongozi. Na wanafunzi, ambao ndio wenye kura, hawana haja ya kusubiri chuo kiamue. Msimu ujao wa kampeni wanaweza kumdai kila mgombea jina la darasa au bweni alilolihudumia, kisha wakawaulize wa huko kabla ya kumpa kura.